Kituo cha TV wanaitaka tamthilia yangu ila niitoe YouTube, nifanyeje wakuu?

Mtunzi wa Mbagala: Wakuu habari za muda huu. Nina tamthilia naitupia YouTube kila Ijumaa, inafuatiliwa balaa, hadi wale jamaa wa kuchoma muvi huku kitaa wanawawekea wateja kwenye flashi bila kuniuliza. Sasa kuna kituo cha TV wanaitaka, sharti nitoe vipande vyote mtandaoni, wao watarusha saa tano usiku. Usingizi sipati. Nikubali?

Mama Pacha: Saa tano nani yuko macho? Kwangu king'amuzi hakijalipiwa toka Pasaka, watoto wako kwenye simu, baba yao anawasha taarifa ya habari anakoroma mdomo wazi.

Kobe Mzee: La Casa de Papel (Money Heist), ile tamthilia ya wezi, ilianzia kituo cha TV cha Antena 3 kule Hispania 2017, kipande kimoja zaidi ya saa nzima tena usiku, ikaanza na watu zaidi ya milioni 4, mpaka inaisha zaidi ya nusu wameshakimbia. Netflix, wale wa mtandaoni, wakaichukua wakakatakata vipande vifupi, dunia nzima ikavaa ovaroli nyekundu za wale wezi. Mzigo ulikuwa ule ule!

Wakili wa Kijiweni: Uliza haki za mtandaoni ni za nani. Ile komedi ya Marekani, Brooklyn Nine-Nine, kituo cha Fox waliitema 2018, kesho yake kituo cha NBC wakaidaka, maana walioitengeneza ni Universal, ndugu zao NBC, Fox walikuwa wanarusha tu. Ila hao hao NBC 2021 wakaikata tamthilia yao ya Manifest, wiki hiyo hiyo inaongoza Netflix Marekani. Watu wa TV bado wanahesabu wanaokaa sebuleni. Umesaini?

Mtunzi wa Mbagala: Mambo ya kusaini tuyaache kwanza, nauliza kuhusu muda wa kurusha.

Wakili wa Kijiweni: Mkuu, umesaini?

Mtunzi wa Mbagala: Sijasaini. Ila kuna advansi walinirushia, nimelipa waigizaji na nyumba tunayoshutia. Na vipande vya mwanzo nimeshavificha, kuficha sio kufuta jamani. Halafu TV ni TV, bi mkubwa kijijini YouTube hana, acha anione.

Mzee wa Busara: Hela ya watu umeshakula ndo unakuja kuomba ushauri. Vijana mna haraka sana.

Chizi Fresh: Hii chai. Juzi juzi huyu huyu alileta uzi wa kuku wa mayai wanamfia bandani, leo dairekta.

Mtunzi wa Mbagala: Kuku ni wa shemeji, nilimwandikia tu. Kwani mfugaji hatungi?

Chizi Fresh: Taja jina tukaitafute basi.

Mtunzi wa Mbagala: Si nimesema nimeificha?

Mama Pacha: 😂😂😂 tangawizi imekolea

Mfugaji Kibaha: Samahani kutoka nje ya mada, wale kuku mliwapa dawa gani? Wangu wameanza kukoroma toka jana.