Spika zinaanika kila kitu, kila mara natamani kubadilisha ampu (kikuza sauti). Shida ni nini?

Sinoni_Sauti:
Wakuu, habari za humu. Spika ni za njia mbili, wufa (ya besi) inchi 6.5, na twita (ya sauti nyembamba), ukinzani omu 8. Sebule mita 4 kwa 4, sakafu marumaru, dari jipsamu. Nikibadilisha DAC (kigeuza sauti ya kidijitali), ampu, hata waya, nasikia tofauti. Baada ya muda kasoro nyingine inajitokeza, natamani kuuza tena. Niendelee kutafuta ampu? Natanguliza shukrani.

FundiKaloleni:
Mkuu, usiguse pochi kwanza. Spika safi itakuonyesha kuwa kuna tofauti, haitakuambia ipi ni bora. Hapo ndipo hela zinapoishia.

Sebule yako ni mraba, na hilo ni balaa: mita 4 kila upande, kwa hiyo mvumo wa besi wa hezi 43 (mitetemo 43 kwa sekunde) unarundikana kutoka pande zote mbili. Hakuna ampu inayoondoa hilo. Kochi likigusa ukuta wa nyuma, besi inavimba. Ukikaa katikati kabisa, hiyo 43 inapotea. Anza na mita 1.5 kutoka ukuta wa nyuma, kisha sogeza kidogo kidogo.

Halafu piga kofi moja katikati ya sebule. Ukisikia mlio mkali unaotetemeka, ni kuta zinarushiana sauti. Kaa kwenye kochi, mtu apitishe kioo ukutani pembeni. Pale unapoiona twita ndani ya kioo, simamisha godoro la inchi 4 au ning'iniza blanketi zito lililokunjwa mara nne. Shuka la kimasai halitoshi, linameza trebo (sauti nyembamba) ya juu tu, na sauti za kati zinabaki zinapiga kelele. Zulia nene mbele ya spika pia. Hizo hezi 43 godoro haliziwezi, ni kazi ya kupanga kochi na spika.

Mtaa_wa_Majengo (Moshi):
Naongezea. Ukilinganisha ampu mbili, ile yenye sauti iliyo juu kidogo tu ndiyo itaonekana "ina uhai". Piga toni ya hezi 200, weka multimita (kipima umeme) kwenye volti za AC, pima kwenye matundu ya spika, rekebisha volyumu mpaka volti 2.00. Ya pili nayo iwe 2.00, zisipishane zaidi ya 0.02. Kisha mtu mwingine abadilishe bila wewe kuona, mara 10. Ukipatia 5 au 6, umebahatisha. Ukipatia 9, haya, tofauti ipo.

Sinoni_Sauti:
Shukrani. Na nyimbo za zamani za dansi zinavyokwaruza?

FundiKaloleni:
Hizo za RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) zilirekodiwa kwenye tepu, na nyingi zilizo mtandaoni zimebanwa tena ili faili liwe dogo. Spika inakusomea faili lilivyo. Tafuta nakala nzuri zaidi, siyo ampu.

Ohm4:
Msimkataze kabisa lakini. Ampu ibadilishwe ikiwa unasikia mlio wa "ssss" ukiwa kwenye kochi hakuna wimbo, au inavuma hezi 50 hata waya zote za kuingiza sauti zikichomolewa, au sauti inapasuka kwenye volyumu unayotumia kawaida. Hii ya mwisho inaweza kuunguza twita. Waya je? Shaba ya milimita mraba 2.5 kutoka duka la umeme inatosha kwa mita 4. Kabla ya kulipa kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, rudisha.