Wanaume wa kigango chetu tunafunguka tukichimba kaburi tu. Naombeni ushauri

Bwana Mikorosho (mwenye uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Nipo kigango kimoja huku Masasi, jina naliacha. Mwaka jana mwishoni nilichaguliwa mwenyekiti wa UWAKA, umoja wa wanaume Wakatoliki, hapa kigangoni. Walionyoosha mkono walikuwa sita, na mmoja wao ni mimi.

WAWATA wetu, yaani umoja wa wanawake Wakatoliki, wako vizuri. Wana sare, wana kibubu, mwenzao akijifungua wapo, akifiwa wapo, akigombana na mumewe wanajua kabla ya mume mwenyewe. Sisi tukiitisha kikao baada ya ibada tunakaa watano chini ya mwembe: wawili wako kwenye simu, mmoja ni katibu. Ajenda ya kwanza michango, ya pili michango ambayo haijalipwa. Mtu akisikia "akina baba tubaki kidogo" tayari ameshawasha pikipiki.

Sasa kilichonifanya niandike. Wiki tatu zilizopita tulifiwa na mzee mmoja wa jumuiya yetu. Alfajiri tukaenda kuchimba, wanaume kama kumi na mmoja, majembe mawili, sururu moja na beleshi lenye mpini uliofungwa mpira wa baiskeli. Juu ni mchanga, lakini ukifika kiunoni unakutana na ardhi ngumu, kwa hiyo tunapokezana. Jamaa mmoja fundi alikuwa shimoni, udongo umemfika kifuani. Bila kuacha kutupa, bila kumwangalia mtu, akasema, "Mama watoto kaondoka tangu Pasaka. Nawapikia mwenyewe." Akatupa beleshi jingine.

Hakuna aliyesema pole. Mzee mmoja akashuka, akamtoa beleshi mkononi taratibu, akamwambia toka upumzike. Alipotoka mwingine akampa kopo la maji, akakaa karibu naye. Basi. Lakini mpaka tunamaliza lile kaburi, wengine wawili nao walishatoa ya kwao. Mmoja kala hela ya kangomba, wale walanguzi wa korosho, kauza korosho ambazo hata maua hazijatoa, na mkewe hajui. La pili silisemi hapa.

Jumapili nikaitisha kikao kwa furaha, nikijua tumeshakuwa ndugu. Nikatangaza kabisa: leo hakuna michango, tushirikishane maisha. Kimya. Kuku wakapita. Yule fundi hata hakuja.

Ndiyo nauliza, tusubiri mtu afe ndio tuongee? Nimewaza tuanze kazi ya pamoja kwa kuwa huu ni msimu wa kupulizia mikorosho dawa, ila naogopa. Tuliwahi kuwa na shamba la ufuta la kikundi. Ufuta ukauzwa, mtunza hazina akahamia Songea na hela. Na hata hela isipopotea, naogopa tutapulizia miti halafu kila mtu kwake, tubaki vibarua wasiolipwa. Nifanyeje?

Kijana wa Chikongola

Mkuu nitakuwa mkweli. Mwanaume hana shida ya kushirikishana, ana shida ya hela. Bei ikikaa vizuri mnadani utashangaa undugu ulivyo mwingi.

Mama Wawili, Nachingwea

Kijana wa Chikongola, mwaka ambao bei ilikuwa nzuri ndio mwaka mume wangu alipotea wiki mbili. Tuendelee.

Kaka Mikorosho, nikwambie siri ya WAWATA. Vikao vyetu navyo havina maana kama vya kwenu, tunasoma muhtasari tunasinzia. Mambo yanasemwa msibani jikoni. Mmeketi kwenye vibao vya mbuzi mnakuna nazi, mwingine anachagua mchele, macho yote yako kwenye ungo. Hapo mtu anatoa jambo la miaka kumi. Anaweza kusema kwa sababu hakuna anayemkodolea macho, na asipotaka kuendelea anajifanya anatafuta chuya. Wewe umewakalisha wanaume duara, wanatazamana, halafu unawaambia washirikishane! Hata mimi ningewasha pikipiki.

Tafuteni ungo wenu. Ila mkimaliza kazi msihamie kilabuni mkaniletea lawama.

Nahodha wa Mikindani

Mimi Muislamu, mtaniwia radhi kuchangia. Kwetu kumzika maiti ni faradhi ya kutosheleza, wakijitokeza wa kutosha wengine wameepukana na dhambi. Kwa hiyo hukai kuulizana nani ana zamu, anayeweza anashika jembe. Nadhani hapo ndipo pana jibu lako. Kaburi haliahirishwi. Kikao chako kinaahirishika, na mwanaume akijua jambo linaahirishika, ameshaliahirisha.

Baharini ni hivyo hivyo. Kwenye mashua hatuulizani hali ya moyo. Lakini ukivuta kamba kinyonge, kabla jua halijatoka wenzako wameshajua una jambo, na mtu atakutania mpaka ulitoe. Tafuta kazi ambayo msipoifanya kuna mtu ataumia kweli.

Mzee wa Newala

Vijana, marahaba kwa watakaoniamkia.

Mnaongea kama jambo jipya. Sisi tuliolala kumbi moja jandoni, mpaka leo na mvi hizi, mwenzangu akinituma siulizi mara mbili. Hatukuchaguana. Tulilala kwenye majani, tukala chakula kibaya pamoja, tukaogopa pamoja, tukafundishwa pamoja. Wamisionari wengi waliona jando ni ushenzi mtupu. Askofu Lucas wa Kianglikana, aliyeanza uaskofu Masasi mwaka 1926, yeye akasema libaki, liingie sala na msalaba, yaondolewe yasiyofaa. Watu wanabishana mpaka leo kama alifanya vyema. Mimi niliyepita humo sibishani.

Na hiyo Masasi yako, mwenyekiti, misheni yake ilianzaje? Mwaka 1876 Askofu Steere alitoka pwani ya Lindi na watu waliokombolewa utumwani. Wengine Wayao, wengine Wanyasa, hawakuwa ukoo mmoja. Walikuwa wakielekea Nyasa, wakaona pale pana ardhi na maji, wakasema hapa patosha. Watu wasio na babu mmoja wakajenga kijiji. Ndugu wa kuzaliwa unaweza kumkimbia, lakini uliyesimamisha naye nguzo ya kwanza utamkimbiaje?

Frateri Aliyerudi Nyumbani

Shikamoo mzee.

Mwenyekiti, mimi nilisoma kwa Wabenediktini kabla sijagundua kwamba wito wangu ni ndoa. Umewahi kukaa kwenye abasia yao ya Ndanda ukasikia kengele? Mabruda pale wanafanya useremala, ufundi magari, kila kitu, toka abasia hiyo ilipoanza kama misheni mwaka 1906. Kengele ikilia bruda anaacha randa palepale kwenye ubao anakwenda kusali. Hofu yako ya kuwa vibarua tu dawa yake ni hiyo. Wekeni saa ya kuanza na saa ya kuacha, hata mti mmoja ukibaki uacheni. Mkae, sala fupi, chai. Kisichosemwa kwenye kazi kitasemwa kwenye chai, na kisiposemwa msikichimbe.

La pili ni idadi. Marko sura ya pili, yule aliyepooza alibebwa na watu wanne. Hatuambiwi majina yao, wala kama walikuwa wanapatana. Mgonjwa alikuwa mmoja na mlango umejaa watu, ikabidi wakubaliane namna ya kutoboa paa la mwenyewe. Wanne! Ungekuwa umati wangeunda kamati ya paa. Ukipata watu wanne wanaokuja kweli, acha kuhesabu wasiokuja.

La hela: msianzishe mfuko. Kila mtu aje na chake. Pasipo na mfuko hakuna wa kuhamia Songea.

Jicho la Tatu

Mimi naona mwenyekiti ndiye tatizo. Mtu kakwambia jambo kaburini, wiki ya pili limekuwa ajenda, wiki ya tatu liko mtandaoni. Na wewe unashangaa hakuja kikaoni?

Bwana Mikorosho

Jicho la Tatu, umenipiga panapouma. Mengine hapo juu nimeyabadilisha asitambulike, lakini la kikao ni kweli. Sikumtaja jina, ila nilipokuwa nasema "tushirikishane" nilikuwa natazama kiti chake. Nimekwenda kwake jana jioni kuomba radhi. Alikuwa anakoroga ugali. Akasema "yaishe", akanipa mwiko nimshikie sufuria isianguke. Sikuuliza kitu.

Mama Wawili, Nachingwea

Sasa umeanza kuelewa.

Bwana Mikorosho

Wakuu, narudi na mrejesho kama nilivyodaiwa inboksi.

Nilikaa na ushauri wa Nahodha, nikajiuliza nani ataumia tusipokwenda. Jibu lilikuwa karibu mno: mjane wa yule mzee tuliyemzika. Mikorosho yake imeshatoa maua, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, umeanza, mgao wa salfa ya kupulizia aliuchukua marehemu kabla hajafa, na mifuko imekaa tu ndani kwa sababu wanawe wako Dar. Sikuitisha kikao. Nilipita nyumba kwa nyumba nikasema Jumamosi saa kumi alfajiri, kabla upepo haujaamka, mwenye mashine aje nayo na petroli yake.

Tulikuja wanane, mashine mbili. Ya kwanza ikagoma kuwaka. Ya pili ilikuwa ya fundi. Alikuja amejifunga kanga usoni, bila shaka mkewe aliiacha, na hakuna aliyethubutu kutania. Tulipokezana kuibeba mstari kwa mstari. Saa mbili kasoro upepo ukaanza, nikapiga filimbi ya refa niliyoazima shuleni. Miti kumi na mbili ikabaki. Ilituuma, lakini tuliiacha.

Mama akatuletea chai na mihogo ya kuchemsha. Wote macho mekundu, machozi yanatiririka, huwezi kujua nani ni salfa na nani ni jambo jingine. Mwenye deni la kangomba akasema amemweleza mkewe. Akaulizwa ikawaje, akasema amelala sebuleni siku nne. Tukacheka mpaka mama akatoka kuangalia kuna nini.

Miti kumi na mbili tunamalizia kesho kutwa, wameahidi kuja tena, pamoja na wengine wawili ambao sikuwaita. Jumamosi ijayo ni kwa fundi, jiko lake linavuja na makuti tayari yapo. Aliomba mwenyewe. Sharti lake ni moja, tusije na wake zetu kupika, atatupikia yeye.

Frateri, kama una sala maalumu ya tumbo niandikie hapa.