Mtu akiomba kitabu cha fantasia, someni ombi lake kwanza! Nimechoka na nyie mashabiki

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaki mtu aniambie nipoe. Nimewavumilia muda mrefu wasomaji wenzangu wa fantasia, yaani hadithi za uchawi, majoka na falme za kubuni, lakini safari hii mmenifikisha mwisho.

Niliomba humu mnipendekezee kitabu cha fantasia. Masharti yalikuwa manne na kila moja nililiweka kwenye mstari wake ili hata mvivu aone. Kwanza, hadithi iwe imekwisha, na ikiwezekana iishie ndani ya kitabu kimoja. Pili, mhusika mkuu awe mwanamke. Tatu, kisiwe kinene. Nne, sitaki kusoma mtoto akiuawa. Hilo la nne nina sababu zangu na silazimiki kumweleza mtu yeyote. Mwisho nikaongeza kwamba Kiingereza au Kiswahili, vyote sawa.

Jibu la kwanza: mfululizo wa Malazan ya Steven Erikson. La pili: Malazan. La tatu: "Naunga mkono hoja, Malazan."

Jamani! Malazan ni vitabu kumi. Cha kwanza, Gardens of the Moon, kilitoka 1999, na cha kumi kikatoka 2011. Hicho cha kwanza kinakutumbukiza katikati ya vita, majeshi, miungu na wachawi bila kukuambia nani ni nani wala anamtafuta nani. Mwandishi alikusudia iwe hivyo na ni haki yake, na wapo wanaokipenda kwa sababu hiyo hiyo. Mimi sina ugomvi na Erikson. Ugomvi wangu ni na huyu jamaa ambaye nilipomuuliza masharti yangu kayaweka wapi, alinijibu eti nivumilie, mambo yatanoga kuanzia kitabu cha tatu. Yaani nisome kurasa zaidi ya elfu moja kwanza ndipo niruhusiwe kufurahi? Nimeomba maji ya kunywa, mtu ananionyesha bahari na kunisifia ukubwa wake.

Akaja wa mfululizo wa The Wheel of Time. Vitabu kumi na vinne, achilia mbali kile cha utangulizi. Kilianza 1990, Robert Jordan akafariki 2007 kabla hajamaliza, Brandon Sanderson akapewa maandishi aliyoyaacha na akavitoa vitatu vya mwisho, cha kumalizia kikiwa cha 2013. Sawa, hadithi imekwisha, sharti moja limetimia, na kina wanawake wengi wenye nguvu, nakubali. Lakini mbona humwambii mwenzako habari ya kitabu cha kumi? Crossroads of Twilight, sehemu yake kubwa inakurudisha nyuma kukuonyesha wahusika wengine walikuwa wapi na wanafanya nini wakati lile tukio kubwa la mwisho wa kitabu cha tisa likitokea. Mashabiki wenyewe wakikutana wao kwa wao wanakinung'unikia. Akija mgeni, kimya! Mgeni anaambiwa tu "ni safari nzuri sana."

Haya, hao nawasamehe, ni ushabiki tu. Aliyenichefua ni huyu anayefuata.

Alikuja dada mmoja, kwa ujasiri kabisa, akanipa The Fifth Season ya N.K. Jemisin, na akaniandikia kwamba mhusika mkuu ni mwanamke, tena si msichana bali mtu mzima, na mfululizo umekamilika kwa vitabu vitatu. Yote kweli. Tena vitabu hivyo vitatu vilipata Hugo, tuzo kubwa ya fantasia na hadithi za kisayansi, ya riwaya bora mara tatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018, jambo ambalo hakuna mwandishi aliyekuwa amelifanya kabla yake. Mimi nimekisoma. Ni kitabu cha kiwango cha juu mno. Lakini kinaanzaje? Kinaanza na mama aliyemkuta mwanawe mdogo amekufa ndani ya nyumba yao, amepigwa na baba yake mzazi. Mama anamfunika blanketi mwili mzima isipokuwa uso, kwa kuwa mtoto huyo alikuwa akiogopa giza.

Hizo ni kurasa za mwanzo kabisa! Hazijafichwa kitabu cha pili huko useme labda alisahau. Mtu ameandika "sitaki mtoto anayeuawa," wewe unampa kitabu kinachofunguka na maiti ya mtoto, kisha unaweka alama ya tabasamu. Nilipomwambia, akasema tukio hilo ni muhimu kwa hadithi. Ndiyo, dada yangu, ni muhimu, bila hilo hakuna kitabu. Nani alikuuliza kama ni muhimu? Ningekuwa sijakisoma je? Ningekikuta usiku, peke yangu, kwa kukuamini wewe.

Na hapo ndipo shida yenyewe ilipo. Nyie hamsomi ombi. Mnaona neno "fantasia" mnakimbilia kutaja kile mnachokipenda, kama vile aliyeuliza ameuliza kitabu chako bora cha maisha yako ni kipi. Hayo ni maswali mawili tofauti. Kitabu ninachokipenda mimi kinahusu mimi: nilikisoma nikiwa na umri gani, nani alinipa, nilikuwa nakimbia nini. Kitabu cha kumpa mwenzangu kinamhusu yeye.

Sasa twende kwa wale wa hadithi zisizokwisha, maana nao walijaa.

Sharti la kwanza kabisa lilisema IWE IMEKWISHA. Nikapewa A Song of Ice and Fire ya George R.R. Martin. Kwa wasiofahamu: kitabu cha kwanza ni cha 1996, cha pili 1998, cha tatu 2000, kisha mwanya wa miaka mitano, cha nne 2005, mwanya wa miaka sita, cha tano 2011, na cha sita mpaka ninapoandika hapa hakijatoka. Tamthilia ya televisheni iliyotokana navyo ilianza mwaka huo huo wa 2011, ikavipita vitabu, ikaisha 2019. Tena hata hiyo mianya haisemi yote. Hadithi iligawanywa kwa maeneo, ndiyo maana katika kitabu cha nne Tyrion, Daenerys na Jon Snow, wahusika wanaopendwa mno, hawana sura yao hata moja. Aliyemaliza cha tatu akiwa roho juu kwa ajili ya Tyrion, alisubiri kutoka 2000 mpaka 2011 kujua ameishia wapi. Hilo unamwambia mtu KABLA hajaanza. Akitaka kuingia baada ya hapo, aingie kwa hiari yake.

Mwingine akanipa The Name of the Wind ya Patrick Rothfuss. Cha 2007, kimeandikwa vizuri mno, sentensi zake unaweza kuzisoma kwa sauti. Lakini muundo mzima wa hadithi ile ni mtu anayesimulia maisha yake kwa siku tatu. Siku ya kwanza ni kitabu cha kwanza. Siku ya pili ni cha 2011. Siku ya tatu haijatoka! Hadithi ya siku tatu yenye siku mbili, na mtu anakupendekezea wewe uliyeomba hadithi iliyokwisha, na hasemi neno.

Kabla watetezi hamjaja juu: mwandishi simdai kitu. Nimenunua kitabu, nimepata kitabu, tumemalizana. Anaweza kuchoka, kuugua, kubadilisha mawazo, ni binadamu. Wala sisemi vitabu hivyo visisomwe. Nawasema nyie mnaojua fika kwamba havijaisha na mnanyamaza, kwa sababu mnataka mwenzenu wa kusubiri naye. Upweke wenu umegeuka mtego wa wengine.

Wa Tolkien nilijua watakuja tu. Mmoja akanijibu kwa madaha kwamba The Lord of the Rings ni kitabu kimoja, kwa hiyo sharti langu limetimia. Ni kweli Tolkien aliiandika kama kazi moja, mchapishaji ndiye aliyeigawa juzuu tatu, 1954 na 1955, kwa kubana gharama. Hongera kwa kujua. Mhusika mkuu mwanamke yuko wapi? Akanijibu: "Éowyn." Bwana mkubwa, Éowyn namheshimu sana, pigo lake kwenye uwanja wa vita nalikumbuka mpaka leo, lakini ukihesabu kurasa anazotokea utamaliza kabla chai haijapoa. Na yule mwingine aliyesema nianze na The Silmarillion, huyo hata simjibu. Kitabu kilichotolewa 1977, miaka minne baada ya Tolkien kufariki, mwanawe akikiunganisha kutoka kwenye maandishi ya baba, kimejaa majina mpaka kimewekewa faharasa. Huko ndiko pa kumwanzishia mtu?

Nitende haki kidogo. Mashabiki wa Terry Pratchett walinishangaza. Wana vitabu 41 vya mfululizo wake wa Discworld, wangeweza kunizika navyo. Badala yake mmoja akaniuliza: unapenda vile vya wachawi, vya polisi, au hadithi inayojitegemea? Akaniambia pia nisianze na The Colour of Magic cha 1983 ingawa ndicho cha kwanza kutoka, kwa kuwa mwandishi alikuwa bado anatafuta sauti yake. Kisha akataja Small Gods, ambamo mungu mkubwa wa taifa zima anajikuta ni kobe mnyonge kwa sababu aliyebaki akimwamini kwa dhati ni mtu mmoja tu, na mwenyewe akaongeza: "Lakini huyo mtu ni mwanamume, kwa hiyo hakikufai, nakutajia tu." Umeona? Amesoma ombi! Hakuniumiza kitu kwa kuniambia hivyo, na Small Gods nimekiweka kwenye orodha yangu hata hivyo.

Na vitabu vinavyofaa vipo, msiniambie nilitaka makuu. The Tombs of Atuan ya Ursula K. Le Guin, cha 1971. Ni kitabu cha pili cha mfululizo wa Earthsea lakini unaweza kukisoma peke yake. Msichana Tenar anachukuliwa kwa wazazi wake akiwa mdogo sana ili awe kuhani wa nguvu zisizo na jina, anapokonywa hata jina lake, na anakulia juu ya mapango ambamo taa ni mwiko. Njia za humo anazijifunza kwa vidole, anapapasa ukuta na kuhesabu matundu gizani. Ged, yule mchawi ambaye kila msomaji wa kitabu cha kwanza anamfahamu, anachelewa sana kutokea, na akitokea, mwenye kuamua aishi au afe ni Tenar. Ni chembamba. Hakuna aliyekitaja! Nilipokitaja mwenyewe nikaambiwa "hicho cha watoto." Cha watoto, wewe mwenye juzuu kumi ambazo huwezi kunisimulia zinahusu nini.

Ningekuwa mimi ninayependekeza, ningesema hapo hapo: ukikipenda, usiende moja kwa moja Tehanu, kitabu kingine cha Earthsea cha 1990, bila kujua kwamba kuna mtoto aliyetupwa motoni. Hafi, ila jeraha lake limejaa kitabu kizima. Sentensi mbili tu hizo, mbona haziwashindi?

Kuna The Forgotten Beasts of Eld ya Patricia McKillip, cha 1974, kilichopata tuzo ya World Fantasy Award ilipotolewa kwa mara ya kwanza 1975: Sybel, mwanamke mchawi, anaishi mlimani na wanyama wa ajabu, mmojawapo joka, anaowaita kwa majina yao, mpaka siku anapoletewa mtoto mchanga amlee. Kuna Howl's Moving Castle ya Diana Wynne Jones, cha 1986, ambamo Sophie analaaniwa na kuwa kikongwe, naye anagundua kwamba kikongwe anaruhusiwa kusema mengi ambayo msichana alikuwa akiyameza. Vyote vyembamba, hadithi zake zimekwisha.

Halafu yule aliyeniambia kwa Kiswahili hakuna kitu, fantasia ni mambo ya Wazungu. Shaaban Robert alitoa Adili na Nduguze 1952, miaka miwili kabla ya juzuu ya kwanza ya The Lord of the Rings. Kina mfalme, kina majini, kina liwali mwadilifu anayewacharaza nyani wawili kila usiku kwa amri asiyoweza kuikaidi, na nyani wenyewe si nyani. Ni kitabu chembamba na kimekwisha. Sharti la mhusika mwanamke hakitimizi, nasema wazi ili msije mkanigeuzia kibao.

Kwa hiyo ukija kupendekeza kwenye uzi huu, andika vitabu ni vingapi, kama hadithi imekwisha, na kama kuna jambo zito ndani ambalo aliyeomba amesema hataki. Huwezi? Pita. Na wewe wa Malazan nakuona unaandika, futa.

Ninachotafuta sasa hivi ni riwaya ya Kiswahili yenye majini, majoka au falme za kubuni, iliyoandikwa na mwanamke, hadithi iwe imefika mwisho. Mwenye jina aliweke hapa chini.