Saa 30 za malezi ya bure: kodi imetoka tarehe 4 Septemba, nasari (wanakolea watoto) wamekataa

Mama Nasra, Leicester:
Salaam wadau. Nimekwama. Niliomba saa 30 kwa wiki, zile serikali inazowalipia wazazi wanaofanya kazi, tarehe 26 Agosti, watu wa mapato wakataka karatasi za baba Nasra maana yuko kwenye viza ya mwenza. Kodi imetoka tarehe 4 Septemba. Nasari wanasema mwisho ulikuwa 31 Agosti, nisubiri Januari. Bili nimeikuta kwenye begi la mtoto, imekunjwa na soksi zenye mchanga. Yupo aliyefanikiwa kurudishiwa tarehe nyuma? Na barua niandike kwa nani, kaunsili au wale wa mapato?

Mzee wa Tanga:
Kodi gani imetoka, ya nyumba?

Mama Nasra:
Shikamoo mzee. Si kodi ya nyumba, ni "code", zile namba 11 za kuonyesha nasari kwamba nina haki ya saa 30.

Dulla, Reading:
Dada, mumeo ana NRPF, viza yake hairuhusu misaada ya serikali. Hapo huna haki, usije ukaitwa.

Mama Pacha, Milton Keynes:
Dulla acha kutisha watu. Mzazi mmoja akiwa na pasipoti ya hapa inatosha, ilimradi wote wawili mnafanya kazi na kila mmoja anafikisha kipato cha saa 16 kwa wiki kwa kima cha chini. Mimi kilichoniponza ni kule kuthibitisha upya hiyo kodi kila miezi mitatu. Nilikuwa nakesha kazini kwenye nyumba ya wazee, siku ikanipita. Sasa tarehe nimeiandika kwenye friji kwa maka peni. Na hizo saa ni za wiki 38 kwa mwaka, msidanganyike.

Dulla:
Si achukue UC tu, ile Universal Credit ya wenye kipato kidogo, wanarudisha mpaka asilimia 85 ya gharama za malezi.

Mama Pacha:
Kama kipato chao kinaruhusu! Na akiwa na TFC (Tax-Free Childcare), ile akaunti ya malezi ya kuweka paundi 8 serikali wanaongeza 2, UC inakatika. Haviendi pamoja. Soma kwanza.

Bi Mkubwa, Glasgow:
Huku kwetu Uskoti watoto wote wa miaka 3 na 4 wana saa 1,140 kwa mwaka, hakuna anayekuuliza kazi. Hamieni.

Mama Pacha:
Nasra ana miezi 14, bibie.

Mzee wa Tanga:
Kifungua mimba wangu alilelewa na bibi yake Chumbageni. Malipo yake kilo mbili za sukari na doti ya kanga sikukuu ya Idi. Mtoto anarudi jioni kaogeshwa, kapakwa mafuta, ananukia uji wa mchele. Huyu wa mwisho mama yangu hajamwona, viza wamemnyima mara mbili.

Dulla:
Na nyumbani Tanzania nako uraia pacha hawataki. Tumekuwa wageni kotekote.

Mama Pacha:
Hayo tuliyamaliza mwezi uliopita, Dulla, tafadhali.

Mama Nasra:
Ahsanteni wote. Lakini barua niandike kwa nani?

Bi Mkubwa:
Mzee, huo uji ni wa tui au maziwa? Wangu unakatika kila nikipika.