Huduma ya kwanza porini: viongozi wote wasome kozi fupi, au wawili wasome kozi ndefu?

Msimamizi wa Kambi ameuliza:

Habari za wakati huu, ndugu wanajukwaa. Nasimamia kambi ya vijana iliyo mbali na barabara kuu, na msimu ujao tunakusudia kuongeza safari za miguu za kulala porini usiku mmoja hadi mitatu. Viongozi wetu wote wana cheti cha kawaida cha huduma ya kwanza, kile kinachofundishwa kwa kudhani kwamba gari la wagonjwa litafika baada ya muda mfupi. Fedha tulizotengewa zinatosha jambo moja tu kati ya mawili: kuwapeleka viongozi wote kwenye kozi ya siku mbili ya huduma ya kwanza porini, au kuwapeleka wawili kwenye kozi ndefu ya siku nane hadi kumi. Kamati inaegemea kozi ndefu kwa kuwa cheti chake kina uzito zaidi. Mimi nasita, maana makundi yetu huondoka kadhaa kwa wakati mmoja na kila moja hushika njia yake. Naomba waliosoma kozi hizi, au wanaozifundisha, wanieleze ni kitu gani hasa kinachopatikana humo ambacho cheti cha kawaida hakina.

Kiongozi wa Safari Ndefu amejibu:

Ndugu Msimamizi, ningeanza na saa kabla ya kuzungumzia vyeti. Katika fani hii ni kawaida kuhesabu kwamba mtu yuko porini pale anapokuwa zaidi ya saa moja mbali na hospitali, kwa hiyo hata kambi yenye umeme na jiko zuri inaingia humo siku mto unapofurika na barabara kukatika. Chukua ramani, tafuta mahali pa mbali kabisa katika kila njia, kisha ukadirie muda wa kutembea kwenda kuomba msaada, muda wa waokoaji kujiandaa, na muda wa kumrudisha majeruhi. Kubeba machela kwenye njia ya mawe kunataka watu sita hadi wanane kwa zamu moja, na wengine wakiwa tayari kuwapokea, kwani mikono huchoka upesi mno. Kundi la vijana kumi na viongozi wawili halina uwezo wa kumbeba mtu mzima kwa kilomita tano. Ukishaikubali hesabu hiyo, utaona kwamba kiongozi wako atakaa na mgonjwa usiku kucha: atamtenga na baridi ya ardhi, atamnywesha, atamsaidia kujisaidia, na juu ya yote ataamua kama wangoje, watembee polepole, au waombe msaada mara moja.

Uamuzi huo ndio kiini cha kozi fupi, ambayo kwa kawaida huchukua saa 16. Sehemu kubwa ya saa hizo huenda kwenye uchunguzi wa mgonjwa kwa mpangilio usiobadilika: usalama wa eneo, njia ya hewa, kupumua, damu inayotoka, uti wa mgongo, baridi au joto, ndipo kupapasa mwili kuanzia kichwani hadi vidoleni na kumuuliza mgonjwa historia yake. Huonekana jambo jepesi hadi ulifanye. Katika mazoezi, mkufunzi humlaza mtu chini ya mti akiwa na damu bandia kwenye mguu, na wanafunzi watatu humkimbilia na kuufunga mguu ule kwa ustadi wa kupendeza, bila hata mmoja kupitisha mkono chini ya mgongo wake, ambako jeraha la pili limefichwa. Baada ya uchunguzi huandikwa mapigo ya moyo, pumzi, hali ya fahamu na hali ya ngozi, pamoja na saa. Kisha hupimwa upya kila baada ya muda, kwa sababu namba moja peke yake haisemi mengi, lakini mapigo yanayozidi kupanda huku mgonjwa akizidi kuchanganyikiwa yanasema kila kitu.

Kozi ndefu, ya saa 70 hadi 80, hurudia hayo kwa kina na kuongeza mambo kama kurudisha bega lililoteguka na kupima iwapo aliyeanguka anaweza kuruhusiwa kutembea bila hofu ya uti wa mgongo. Taasisi kama NOLS na SOLO za Marekani hufundisha ngazi zote mbili, na kwa safari ya wiki tatu ningedai ile ndefu bila mjadala. Kwa safari zenu, kiongozi wa saa 16 aliye pamoja na kundi anafaa kuliko wa saa 80 aliye bonde la pili.

Muuguzi wa Dharura amejibu:

Nakubaliana na aliyetangulia kwa sehemu kubwa, ila nisingependa kambi ibaki bila mtu hata mmoja mwenye elimu ya juu zaidi. Si lazima atembee na kundi. Anaweza kukaa kambini penye redio, akawa ndiye anayepokea taarifa kutoka porini, anayekagua masanduku ya dawa na kufuatilia tarehe za mwisho wa matumizi. Kama fedha haziruhusu kumsomesha msimu huu, tafuteni daktari atakayekubali kuwaandikia miongozo na kupatikana kwa simu.

Suala la dawa lisichukuliwe kijuujuu. Mzio mkali unaovimbisha koo na kushusha shinikizo la damu unaweza kumuua mtu katika muda mfupi kuliko ule wa kushuka mlima, na dawa yake ya kwanza ni adrenalini inayochomwa kwenye msuli wa upande wa nje wa paja. Sindano nyingi zilizojazwa tayari kwa ajili ya watu wazima huwa na miligramu 0.3, na dozi inaweza kurudiwa baada ya dakika 5 hadi 15 kama hali haijatengemaa. Vidonge vya mzio haviwezi kuchukua nafasi yake. Hata hivyo cheti cha kozi, kiwe cha siku mbili au kumi, hakimpi mtu ruhusa ya kisheria ya kumchoma mwingine sindano. Ruhusa hiyo hutegemea sheria za mahali husika na maagizo ya maandishi ya daktari, na ni heri kulimaliza suala hilo mapema ofisini kuliko kulijadili mbele ya mtoto anayekosa pumzi.

Kuhusu majeraha, cheti cha kawaida huwafundisha watu kufunika na kungoja hospitali. Porini, baada ya damu kukoma, kidonda huoshwa. Maji yanayofaa kunywewa yanatosha. Jaza mfuko safi wa plastiki, toboa kona yake kwa ncha ya pini, kisha ukamue ili maji yatoke kwa nguvu na kusukuma mchanga nje. Mtu asione uchoyo wa maji hapo, kwani nusu lita hadi lita nzima si nyingi kwa kidonda kichafu. Ukifunga gango, yaani kitu kigumu cha kushikilia kiungo kilichoumia kisisogee, kwenye mkono au mguu, pima mapigo, hisia na mwendo wa vidole kabla na baada ya kufunga, kisha urudie kila mara, maana kiungo huvimba na bendeji iliyokuwa sawa jioni huweza kukaba usiku wa manane. Kwa aliyeumwa na nyoka, vua pete na bangili, tuliza kiungo na uanze safari ya hospitali. Wembe na kufyonza sumu havina nafasi, hata kama babu wa mtu fulani aliponea hapo.

Mkufunzi amejibu:

Kabla ya kulipa, Ndugu Msimamizi, mwulize mtoa kozi maswali machache. Je, mazoezi hufanyika nje, juani na gizani, au wanafunzi hukaa kwenye viti wakitazama picha? Je, kukandamiza kifua na kupuliza pumzi kumo ndani ya zile saa 16, au ni somo la pembeni linalolipiwa peke yake? Cheti hudumu kwa muda gani? Vingi ni miaka miwili au mitatu, lakini ujuzi wa mikono huanza kufifia baada ya miezi michache, na hapa ndipo hoja ya uzito wa cheti inaponichosha kidogo. Kambi ambayo kila mwezi inalaza mtu mmoja nyuma ya ghala na kuwaita viongozi wamchunguze kwa mpangilio, saa na kalamu mkononi, itakuwa salama zaidi kuliko yenye cheti kikubwa ukutani.

Msisahau kwamba yatakayowapata mara nyingi ni malengelenge, kuharisha, kuishiwa maji na vifundo vya miguu vilivyotetereka. Mikono inayonawa kabla ya kupika huokoa safari nyingi kuliko turniketi, yaani mkanda wa kukaza mkono au mguu ili kuzuia damu nyingi, ingawa turniketi nayo ibebwe, na saa ya kuifunga iandikwe. Fomu za afya zisomwe na kiongozi anayeondoka na kundi, zisiachiwe karani peke yake, ili kiongozi huyo ajue nani ana pumu, nani ana kisukari, na dawa zao zimo mfuko gani. Tena wafundisheni jambo moja linalokwenda kinyume na mazoea: radi ikipiga watu kadhaa, anayeanza kuhudumiwa ni yule asiyepumua, kwa kuwa anayelia na kujongea kwa kawaida atapona, na yule mwingine anaweza kurudi akisaidiwa mara moja.

Msimamizi wa Kambi ameandika:

Nawashukuru nyote. Nitaieleza kamati kwamba viongozi wote wasome kozi fupi, na tutamwomba daktari awe wa kupigiwa simu. Limebaki jambo moja: pale mtandao wa simu usipofika na viongozi wakawa wawili tu, nani aende kuomba msaada na nani abaki?

Kiongozi wa Safari Ndefu amejibu:

Mwenye ujuzi zaidi wa tiba hubaki na mgonjwa. Asiende mtu mmoja peke yake kama inawezekana kuepuka; kiongozi wa pili aondoke na vijana wakubwa wenye nguvu, au na kundi lote ikiwa njia ni salama na anayebaki ana msaidizi mmoja. Ujumbe usibebwe kichwani. Uandikwe nakala mbili, wenye mahali halisi kwenye ramani, umri wa mgonjwa, kilichotokea, vipimo vyote pamoja na saa zake, kilichokwisha kufanyika, vifaa na chakula kilichobaki, na msaada unaoombwa. Kabla hawajaachana wakubaliane pia anayebaki atangoja hadi saa ngapi mahali hapo hapo, na atafanya nini iwapo saa hiyo itapita bila mtu kutokea.