Wageni wa Meru wamebakiwa na siku moja, wanataka wanyama: naombeni ushauri

Wakuu, habari. Wageni 4 wa Mlima Meru wameomba kubana ratiba ya siku 4 iwe 3: wakitoka kileleni (mita 4,562) wasilale kibanda cha Miriakamba, washuke moja kwa moja hadi lango la Momella, tunakoanzia kupanda. Siku ya nne wanataka simba na tembo. Ni mwezi wa tisa.

Mimi naegemea Hifadhi ya Tarangire. Ni kama kilomita 120 kutoka Arusha, barabara karibu yote ni lami, na kiangazi tembo wanajazana mtoni. Ngorongoro wanaitaka kwa ajili ya faru, ila kreta (bonde la volkano waliko wanyama) inadai gari la 4x4, ada ya kushuka inatozwa kwa gari, na bila kulala Karatu, mji wa karibu, muda wa kukaa ndani ya kreta utaliwa na barabara. Hiace yetu ya kubebea mizigo haifai kote kuwili.

Nilipokwama: TANAPA (shirika la hifadhi za taifa, Tarangire ikiwemo) hawapokei fedha taslimu getini, na Ngorongoro ni mamlaka nyingine kabisa. Je, namba ya malipo niombe tangu sasa, au nisubiri washuke? Mmoja akiumwa kichwa kwa mwinuko pale Saddle, kibanda cha mwisho kabla ya kilele, kundi linageuka, tarehe inaharibika.

Halafu magoti. Kushuka karibu mita 3,000 kwa siku moja, kesho yake kukaa garini tangu alfajiri! Au niwabakize Arusha National Park, ambako kiingilio cha siku ya nne kimeshalipwa? Kuna twiga, mbega na heroe wa maziwa ya Momella, lakini simba hakuna.

Wenye Land Cruiser, kukodi kwa siku moja pamoja na dereva mwenye leseni ni kiasi gani, mafuta yakiwemo?