Bosi wa mtaro ameachiliwa, mtunza depo yuko gerezani Kasapa

Yambo kwenu. Niko na hasira, kwa hiyo leo msinidai maneno ya adabu.

Wale wa Katuba, hapa Lubumbashi, mnaijua ile kazi ya mtaro. Bosi aliyeisimamia kwa niaba ya Leta, yaani serikali, yule mwenye kutia sahihi ndipo kontrakta alipwe, kesi yake ya rushwa na kula feza ya watu imetupwa juzi. Imetupwa tu, hakuna aliyesema kama ana kosa au hana. Hakuna shahidi aliyeitwa, hakuna aliyeulizwa simenti ilienda wapi.

Avoka wake, mwanasheria wa kumtetea, alisimama hata watu hawajamaliza kukaa, akaleta ile hoja yao ya Kilatini, "obscuri libelli". Maana yake karatasi ya mashtaka ina giza: haisemi kosa lilifanyika tarehe gani, feza ni kiasi gani, na huyu bwana alifanya nini yeye mwenyewe. Majaji wakaenda, wakarudi, wakasema mashtaka hayapokelewi. Basi. Bwana akatoka na suti yake, jamaa zake wanapiga vigelegele pale uani kama wametoka harusini.

Sasa nitasema jambo ambalo wengine hamtalipenda. Majaji siwalaumu sana. Karatasi ilisomwa kwa sauti, na kweli ilikuwa aibu. Tarehe hakuna, jumla hakuna, jina la bosi limebandikwa mwishoni karibu na "na wengine". Hata mimi nisiye na sheria ningeuliza: huyu anashtakiwa kwa lipi hasa? Hasira yangu iko kwa parke, ofisi ya waendesha mashtaka. Mtu wa parke amesoma sheria, hoja hii anaisikia korti kila siku, anajua ndiyo ya kwanza avoka yeyote ataleta. Halafu anaandika vile?

Na msiniambie vielelezo vilikosekana. Kuna PV, ile karatasi rasmi ya kupokea kazi. Ina tarehe, ina muhuri, ina sahihi ya bosi, inasema mtaro umekwisha mpaka chini kule barabarani. Nendeni muutazame. Umeishia kwenye ukuta wa kiwanja cha mama mmoja muuza makala ya kupikia, hauendi popote. Mvua ya Januari ikinyesha, maji yote ya juu yanakuja kumwagika mlangoni kwake. Pale ulipopasuka hakuna hata fito moja ya chuma ndani, na zege unalikwangua kwa ufunguo linatoka unga. Huo ndio mtaro "uliokwisha".

PV hiyohiyo ndiyo iliyomfunga kijana aliyetunza depo, ghala ya simenti ya kazi hiyo! Walihesabu mifuko iliyoandikwa kuingia na ile iliyobaki, wakalinganisha na PV, wakamwambia tofauti ni wewe. Amekatiwa miaka, yuko Kasapa, mke wake anapeleka bukari (ugali) huko kila anapopata nauli. Kwake karatasi ilikuwa na mwanga wa kutosha. Kifungu cha 145 cha sheria ya makosa hakina mlango wa wakubwa na mlango wa wadogo: mwaka 1 mpaka miaka 20 ya kazi ngumu kwa yeyote mwenye kazi ya Leta aliyekula alichokabidhiwa.

Watasema bosi hakugusa mfuko hata mmoja. Nakubali. Bosi gani anabeba mifuko? Yeye anashika kalamu, na bila kalamu yake kontrakta asingelipwa hata franga moja.

Najua mtaniletea kesi ya siku 100, ile ya feza za programu ya siku 100 za kwanza za Rais Tshisekedi. Ile angalau tuliisikia. Mwaka 2020 ilipita kwenye televisheni moja kwa moja kutoka gereza la Makala. Kamerhe, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya rais, akakatiwa miaka 20 mwezi wa Juni 2020, rufaa ya 2021 ikaleta 13, Aprili 2022 korti ya juu ikaivunja, Juni 2022 akaachiliwa huru, na Machi 2023 akaingia serikalini kama naibu waziri mkuu wa uchumi. Sisemi aliiba, korti imesema hapana. Nasema watu walisikia maswali na majibu, kila mtu akabaki na mawazo yake. Kesi ya Matata Ponyo, aliyekuwa waziri mkuu, korti ya katiba ilisema Novemba 2021 haina uwezo wa kumhukumu, mwaka uliofuata ikageuka, hukumu ikaja Mei 2025. Hawa ni watu wa juu kabisa. Huyu wetu ni bosi wa mtaro, na hata swali moja hakuulizwa!

Jambo lingine. Katiba, kifungu cha 21, inasema hukumu iandikwe na itoe sababu zake. Nimeenda kwa karani kuomba nakala, nikaangaliwa chini mpaka juu, nikaambiwa "tutaona, ila unajua karatasi ya printa ni bei". Mnaelewa alichotaka.

Siku 10 za rufaa zimeshaanza kuhesabika na parke imenyamaza. Wanaweza pia kuandika mashtaka upya, safari hii na tarehe, kwa sababu hakuna aliyesema bosi ni msafi. Bwana mwenyewe amesharudi ofisini, anasimamia kazi nyingine.

Kama kuna avoka humu, anijibu: sisi wenye nyumba zinazoingia maji tunaweza kumwita wenyewe kortini kwa citation directe bila kungoja parke? Na gharama za karani ni kiasi gani, zile za kweli zenye risiti? Kuna majirani wako tayari kuchanga.